Furu Isiyojua Kupumzika

Trei ya kwanza ya mikate ilipoungua ndani ya furu, ile tanuri yake ya umeme, Chimène alilaumu unga. Ya pili ilipoungua, alijilaumu mwenyewe. Ya tatu ilipotoka nyeusi juu na mbichi katikati, alifungua mlango wa uani ili moshi utoke, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachukua simu na kumrekodia mume wake Nephtali ujumbe wa sauti.

"Ya Nephta, furu inachoma. Naweka moto kwa cent quatre-vingts kama siku zote, lakini inachoma. Mikate yote imekuwa makala. Unifasirie nifanye namna gani."

Alipoutuma alishangaa jinsi ulivyokuwa mrefu. Siku hizi maneno kati yao yalikuwa yamefupika kama penseli ya mwanafunzi maskini. Uko muzuri? Niko muzuri. Mvua? Iko. Salimia watu. Wamesalimiwa.

Nephtali alikuwa Basoko, pale maji ya Aruwimi yanapoingia katika mto mkubwa. Alikuwa ameteremka na baleinière yake mwenyewe, ile mashua ndefu ya mbao, imejaa chumvi na sabuni, kwa safari ambayo ingemrudisha Kisangani kabla ya Noeli. Walipopita Yanonge injini ilichomoka na kuzama, mzigo ukalowa, na yeye akafika Basoko kama abiria katika mashua ya mtu mwingine. Hapo akapata kazi ya kutunza injini za mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese aitwaye Carlos. "Nikipata injini ingine, nitapanda," alisema. Noeli ile ikapita, na nyingine ikapita nyuma yake.

Chimène alijua kilichomzuia, ingawa hawakuwahi kukitaja. Kisangani, mtu anayetoka chini ya mto hashuki bandarini hivi hivi. Hushuka na samaki wa kukaushwa, na bidoni ya mafuta, na mbuzi anayelia kwenye kamba. Mtaa wao wa Mangobo wote unajua kusoma mikono ya anayeshuka. Mwenye mikono mitupu anasomwa pia, na husomwa kwa sauti kubwa.

Hakuwa amechoka kumngoja. Kungoja alikuwa amekuzoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Alikuwa amechoka kutomsikia.

Jibu lilikuja alasiri ile ile. Alipoona urefu wake kwenye kioo cha simu alidhani kuna msiba. Alifuta mikono yake kwenye kitenge, akaweka simu sikioni.

"Bon. Sikiliza muzuri, mama. Furu ikichoma, usikimbilie kuifungua. Furu ni kama mugonjwa, unaiulizaka kwanza. Anza na bouton. Ile bouton ya kugeuza moto, uichomoe, inatoka kwa kuvuta tu, uangalie kale kachuma ka ndani. Kana upande moja bapa. Kama ule upande umekulika, bouton inazunguka bure: weye unaona cent quatre-vingts, kumbe ndani moto iko ku deux cent cinquante. Uangalie, kiisha uniambie. Na utoe kwanza fiche ku prise. Usisahau fiche, Chimène. Najua mikono yako, inakuwaka na maji kila saa."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na injini ikikohoa, na jogoo, na mtu akiita mtu mwingine. Chimène aliusikiliza ujumbe wote tena, si kwa sababu ya bouton. Huyu mwanaume ambaye ukimwuliza habari za moyo wake anakujibu kama karani wa posta, mpe mashine inayoumwa, sauti yake inafunguka kama dirisha. Na katikati ya maneno ya chuma, bila mtu kumwomba, alikuwa ameitaja mikono yake.

Alitoa plagi ukutani, akachomoa bouton, akaangalia. Kachuma kalikuwa kazima, upande wake bapa umenyooka. Jambo lenyewe lilichukua muda wa kupepesa macho. Lakini hakujibu siku ile. Alikaa nalo mpaka kesho yake, kama mtu mwenye kipande cha mwisho cha samaki anavyokizungusha sahanini.

"Bouton iko muzuri," alisema kesho yake. "Nitaangalia nini tena?"

*

Jirani yake Ursule aliuza makayabu kwenye soko la Mangobo, na pua iliyoishi na samaki wa chumvi miaka yote hiyo si rahisi kuisumbua. Moshi wa Chimène uliisumbua. Alikuja asubuhi akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Chimène, mukate yako inanukia mpaka ndani ya chandarua yangu."

"Furu iko mugonjwa, mama Ursule."

"Mugonjwa? Na courant hii nzuri tuliyonayo sasa?" Tangu kibanda kipya cha umeme kiwashwe mwisho wa avenue, Ursule alikuwa akiusifia mkondo kana kwamba yeye ndiye aliyeuzaa. Zamani balbu zao zilikuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Sasa ziliwaka nyeupe, na friji yake ilikuwa imeanza kutengeneza barafu. "Na munganga wa furu iko wapi?"

"Iko Basoko."

Ursule alicheka mpaka akashika nguzo. "Mugonjwa Mangobo, munganga Basoko. Sébastien iko pale ku kona, mutu wa kutengeneza hata pasi iliyokufa wakati wa babu, na weye unapigia Basoko."

"Nephta ndiye anaijua hii furu. Yeye alinitengenezea."

"Ee. Furu anaijua." Ursule aliokota mkate mmoja mweusi, akaugonga mlangoni, ukalia kama ubao. "Mwenye furu je, anamukumbuka?"

Chimène alikwangua weusi wa mikate kwa kisu, akaichagua iliyokuwa na uso, mingine akaitenga kwa nguruwe wa mtu. Wateja wake wa mikate ya maziwa walikuwa wameanza kuulizana kuna nini. Alijua kwamba Sébastien angeimaliza kazi hii kabla chai haijapoa, na ndiyo sababu hakumwita.

*

Baada ya bouton ulikuja mlango. Nephtali alimwambia achukue karatasi, aibane kwenye mlango wa furu, aufunge, halafu aivute: ikigoma, mpira wa mlango bado unashika, ikitoka kama ulimi, mpira umekufa. Alivuta kila pembe. Pembe ya chini, kulia, karatasi ilitoka kama ulimi.

Alifurahi kupata kitu cha kumpelekea. Aliurekodi ujumbe ule kwa madaha, na kufunga na kufungua mlango mbele ya simu ili asikie.

"Joint, ule mupira, imechoka pale," Nephtali alijibu, "lakini ile haiwezi kuchoma mukate. Joint ikifunguka, moto unatoka. Furu inakuwa baridi, haikuwi kali. Tuangalie mahali pengine." Injini ilikohoa nyuma yake. "Ule mulango nilikutengenezea baada ya ndoa ya Solange, unakumbuka? Dada yako alikuwa anataka keki ya ghorofa na furu ilikuwa haifungi. Tuliushikilia mulango na kiti. Miye nilikaa ku kile kiti saa nzima na suti yangu."

Chimène alikumbuka. Alikumbuka jasho lilivyokuwa likimtiririka kutoka kwenye kola, na jinsi alivyokataa kuinuka hata padri alipopita kumsalimu.

Likaja jaribio la unga. Kwa kuwa hakuwa na kipimo cha joto, Nephtali alimwagiza amwage unga kidogo juu ya karatasi, auweke ndani, aimbe wimbo mmoja wa kanisa kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu aangalie rangi. Unga ukiwa mweupe, moto mdogo. Ukiwa rangi ya kahawa ya maziwa, moto wa mkate. Ukiwa kahawia ya udongo, furu imepita kipimo.

"Utume na wimbo pia," alisema, "nijue unaimba mbio ama pole pole."

Aliimba akiwa amepiga magoti mbele ya kioo cha furu, simu kwenye kiganja, bila aibu, kwa sauti ya wanawake wa safu ya nyuma. Unga ulikuwa kahawia kabla hajafika ubeti wa mwisho, na alipofika mwisho ulikuwa ukitoa moshi.

Nephtali alijibu jioni, kabla ya jua kuzama. "Nilipoteza hesabu. Imba tena."

Aliimba tena. Safari hii pia alifika mwisho ingawa unga ulikuwa umeshawaka na kuzimika wenyewe.

Siku hizo Chimène alianza kuamka na kitu kifuani kilichofanana na siku za kuchumbiwa. Akiwa anachota maji alikuwa akipanga maneno. Akiwa anakanda unga alijiuliza atamweleza vipi rangi ya taa nyekundu ya furu, ili naye aulize, ili naye ajibu. Na Nephtali, kila jibu lake lilianzia kwenye chuma na kuishia mahali pengine. Alianza kuuliza bati la jikoni kama linavuja. Akauliza mlimao kama umezaa. Siku moja, baada ya kueleza vizuri kabisa jinsi chuma cha juu na chuma cha chini vinavyogawana umeme, aliuliza, "Na weye, unakulaka lituma bado, ama umeacha ju hauna mutu wa kukutwangia ndizi?" Yeye ndiye aliyekuwa akitwanga. Mwanaume wa mashine, mchi ulimwelewa.

"Nakula," Chimène alijibu. "Haiko laini vile."

Akaacha hapo, akatuma.

*

"Sasa tumefika ku termostati," Nephtali alisema. "Ile ndiyo inajua wakati wa kupumzika. Furu ikipata moto uliyouomba, termostati inasema tak, taa nyekundu inakufa, furu inapumzika. Moto ukishuka, inasema tena tak, inaamuka. Weka kwa cent quatre-vingts, ukae karibu, usikilize. Uniambie kama umesikia tak."

Chimène alivuta ile ndoo, akakaa, sikio karibu na bati. Alisikia chuma kikinyooka. Alisikia toleka wa kubeba abiria wakipiga kengele za baiskeli barabarani, na redio ya Ursule. Joto lilimpanda shavuni. Taa nyekundu ilikaa nyekundu. Hakuna tak. Alikaa mpaka bati likaanza kunuka rangi, ndipo akaizima.

Hapo aliogopa, kwa sababu alielewa. Hakusoma umeme, lakini alikuwa na akili: kama furu haijui wakati wa kupumzika, ugonjwa uko kwenye kitu kinachoijulisha. Njia ilikuwa imebaki fupi. Kesho Nephtali angesema kaza hiki, badili kile, na furu ingepona, na baada ya hapo ingekuwa tena: Uko muzuri? Niko muzuri.

Alichelewesha jibu mpaka akajionea haya. Mwishowe alisema ukweli: "Hakuna tak. Nilikaa sana. Taa haikufi."

Nephtali naye alichelewa. Jibu lake lilipokuja lilikuwa na sauti ya mtu aliyetembea.

"Hakuna tak," alisema. "Bon. Basi angalia tena bouton."

Chimène alidhani amesikia vibaya. "Bouton tuliiangalia, ya Nephta. Ya kwanza kabisa."

"Tuiangalie tena. Haina haraka."

Haina haraka. Huyu aliyekuwa hawezi kuacha mashine ya mtu ilale tumbo wazi hata usiku mmoja, aliyewahi kuacha sahani ya samaki ipoe kwa ajili ya redio ya jirani. Chimène aliyageuza maneno yale akilini kutwa, lakini hakujua ayaweke wapi.

*

Ursule hakuwa mtu wa kugeuza maneno. Jumamosi asubuhi alifika na Sébastien nyuma yake, mfuko wa bisibisi begani.

"Usinikasirikie," alisema. "Nimechoka kulala kama samaki ya kukaushwa. Sébastien, furu ile pale. Papa, fanya kazi."

Sébastien alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kucheka kabla ya kuongea. Alimsalimu Chimène kwa adabu, akauliza habari za Nephtali, mkubwa wake aliye Basoko, akatoa plagi, akaizungusha furu mpaka ikaupa ukuta uso. Hakuuliza bouton. Hakuuliza mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye skrubu za bati la nyuma.

"Unajuaje kama iko pale?" aliuliza Chimène.

"Ju zote ziko pale."

Bati liliposhuka, Chimène aliinama aone. Kulikuwa na vumbi, na nyaya, na kijiti cha shaba chembamba, kifupi kuliko kidole, chenye mkia wa shaba mwembamba kama uzi. Kilikuwa kimefungwa kwenye ukingo wa bati la nje, mbali na moto, kwa waya.

"Sonde," alisema Sébastien, akikigusa. "Hii ndiyo pua ya termostati. Mahali pake ni ndani, kule juu, pamoja na mukate, isikie moto. Mutu ameitoa inje, inapepewa hapa na upepo. Basi haisikii kitu. Termostati inafikiri furu iko baridi, inasema tia moto, tia moto, mpaka kesho."

"Nani anaweza kuharibu kitu namna hii?" aliuliza Ursule.

Sébastien alicheka. "Kuharibu? Mama, hii ilikuwa dawa. Unasahau courant yetu ya zamani? Ile ya kulegea? Furu ikipumzika kidogo tu, kupanda tena ilikuwa haiwezi, mukate unabaki mweupe kama mugonjwa wa malaria. Donc tulizikatalia kupumzika. Avenue nzima, sonde ziko inje. Sasa cabine mupya imekuja na courant ya kweli, na zote zinachoma. Wiki hii yote niko narudisha sonde za watu ndani. Ya mama wa kanisa, ya wale wa kona, hata yangu." Alipuliza vumbi. "Ni papa Nephtali ndiye alituonyesha. Yeye alianza na hii hapa, kiisha akatufundisha sisi wote. Hii ndiyo mama yao."

Chimène alikuwa bado ameinama.

"Ulimuuliza yeye?" Sébastien alisema.

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

"Akasema niangalie bouton."

Sébastien aliinamia mfuko wake na kuanza kutafuta kitu ambacho hakuwa akikihitaji. Ursule, ambaye hata mazishini hukosi kumsikia, alivuta kitenge chake mabegani, akatazama uani.

Bouton, mlango, unga, wimbo. Wimbo mara mbili. Nephtali alikuwa amejua tangu ujumbe wa kwanza, tangu neno "inachoma". Aliposema tuangalie mahali pengine alikuwa anajua mahali pale penyewe. Kila alasiri alitembea hadi sehemu yenye mtandao ili amtume mke wake mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na yeye Chimène, mwerevu, alikuwa amechelewesha majibu akijiona mwizi wa siku.

"Uache nifungue mwenyewe," alimwambia Sébastien.

Ile waya ilikuwa imesokotwa kuelekea kushoto, kwa sababu Nephtali hutumia mkono wa kushoto, na ncha zake zilikuwa zimekunjwa ndani, zisimchome atakayepitisha kidole baadaye. Chimène aliifungua mzunguko mmoja mmoja. Ilikuwa ngumu, na hakukubali koleo. Ilipoachia, Sébastien alimwonyesha tundu la kupitishia, naye akaingiza kijiti ndani taratibu asiukunje mkia wake, akakibana kwenye vishikio vyake viwili juu kabisa, palipobaki alama safi ya umbo lake.

Walirudisha bati, wakaigeuza furu, wakachomeka plagi. Wote watatu walisubiri wamesimama, kama watu wanaongoja habari nje ya hospitali. Taa ikawaka. Baada ya muda termostati ikasema tak, taa ikazimika.

"Imepona," alisema Sébastien.

Trei ya kwanza ilitoka rangi ya kahawa ya maziwa, toka pembe hadi pembe. Ursule alikula mkate wake kimya mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema kwa upole ambao Chimène hakuwa ameuzoea kwake, "Umuambie kama umeona, mwanangu. Usikae nayo."

*

Alirekodi, akafuta. Alirekodi matusi, akafuta. Alirekodi kilio, akakisikia jinsi kilivyokuwa kibaya, akakifuta haraka. Mwishowe akaongea kama anavyoongea na mteja.

"Ya Nephta. Furu iko muzuri. Sébastien alifungua nyuma. Tuliona waya yako, na miye ndiye niliitoa. Sasa hakuna kitu ya kutengeneza hapa. Kama uko na kitu ya kuniambia, unipigie. Kama hauko na kitu, unipigie vilevile. Sitaki tena vocal za kurekodi."

Alituma. Halafu akaoka.

Aliona kwamba ujumbe umesikilizwa. Jibu halikuja. Jumapili alikwenda kanisani na simu kwenye sidiria, ikiwa imewekwa itikisike, na ilitikisika mara moja: kampuni ya simu ikimtangazia bahati nasibu. Jumatatu wateja wa mikate ya maziwa walirudi. Walisifia. Mama mmoja alisema mikate hii ni mizuri kuliko hata ya zamani, na Chimène akamshukuru huku akitamani kumpiga nayo kichwani. Kila trei iliyotoka nzuri ilikuwa kama mlango uliofungwa polepole. Wiki moja nyuma alikuwa na mikate ya makala na mwanaume anayemwuliza kuhusu mlimao. Sasa alikuwa na mikate.

Hakujuta, ila aliumia. Alijaribu kumwona kule Basoko, amesimama juu ya ukingo penye mtandao, simu mkononi, bila skrubu, bila waya, bila joint, hana hata kitu kimoja cha kumpa mke wake. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba kwa Nephtali kumpigia simu hivyo ilikuwa sawa na kushuka bandarini mikono ikining'inia, watu wote wakimsoma. Na hilo ndilo alilokuwa amemwomba.

Simu ililia Alhamisi, mchana, trei ikiwa ndani.

"Chimène."

"Ee."

Chimène aliketi chini pale pale, mgongo ukutani, unga hadi kwenye viwiko. Alisikia Nephtali anavyopumua. Katika jumbe za sauti hakuwahi kumsikia akipumua. Watu hawatumiani pumzi.

"Sina kitu ya kusema," alisema Nephtali.

"Najua. Sema ile."

"Sina kitu ya kusema."

"Nimesikia."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyelikuta mfukoni. Kisha akasema, "Nilijua ni sonde. Nilikuwa nataka nikuambie ile siku ya kwanza. Kiisha nikafikiri, nikimwambia sonde, itaisha leo. Nikasema bouton."

"Miye bouton niliiangalia ile siku ile ile. Nikangoja kesho ju ya kukujibu."

"Weye pia."

"Miye pia."

Mtu alipita karibu naye akamsalimu kwa Kilingala, naye akaitikia kwa haraka, akarudi. Chimène alifumba macho. Alikuwa amejiambia hatamwuliza. Akauliza.

"Utapanda lini?"

Upande wa Nephtali mvua ilikuwa imeanza, Chimène aliisikia ikifika kwenye bati la mtu, kwanza hapa na pale, halafu yote.

"Injini ya Carlos itapanda mwezi ujao kubeba mafuta," alisema mwishowe. "Iko na nafasi ya fundi. Lakini Chimène, sina hata samaki."

"Nitakuja bandarini na kapu ya mikate. Nitakupatia kabla haujatoka kwa mashua. Utashuka nayo kichwani. Watu waseme Basoko siku hizi wanaoka vizuri."

Safari hii alicheka kweli, kwa sauti ile ya zamani, iliyokuwa ikimfanya Ursule agonge ukuta. Kisha cheko likaisha, na hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Chimène alibana simu zaidi, kana kwamba jibu limo mle ndani na linahitaji tu kukamuliwa.

"Uko pale?" aliuliza.

"Niko."

"Mvua itakulowesha."

"Imenilowesha kitambo. Unité zangu za simu zitaisha, mama."

"Ziishe zenyewe," alisema Chimène. "Weye usikate."

Hakukata. Mvua ilinyesha Basoko, na yeye aliisikiliza akiwa Mangobo juani, mpaka simu iliponyamaza yenyewe.